Wimbo wa Kumi na Mbili wa Arvella Gaines

Ni mwaka mmoja sasa, Arvella, tangu Jumanne ile ya Machi, theluji ikiyeyuka kwenye ngazi za mbele, ulipotutoka taratibu bila kuaga. Wewe ambaye hukuwahi hata kutafuta miwani yako bila mtaa mzima kujua.

Gazeti lilitupa nafasi ya upana wa vidole viwili, tukaona haitoshi. Kwa hiyo tumechapisha karatasi hizi wenyewe, zigawiwe kanisani na kwa majirani wa Homewood. Tunaongea na wewe. Anayetaka kusikiliza pembeni asikilize. Ulizoea kusikilizwa.

Anayeandika kwa niaba ya wote ni kaka yako Lucius. Binti yako Nadine alimwambia, "Mjomba, wewe ndiye mwenye mkono wa barua." Kweli, miaka arobaini ya kuhudumu kwenye mabehewa ya chakula na kupika melini humzoesha mtu kuandika nyumbani. Shule yake unaijua, mwaka hapa, miezi mitatu kule. Kosa likionekana ni lake, familia isisemwe.

Tunakumbuka jiko la shule, ulikopika miaka kumi na tisa. Uliingia alfajiri, ukafunga kitambaa, ukaweka masufuria ya sukuma wiki, na kabla maji hayajachemka ulikuwa umeshaanza kuimba. Hukuimba kwa nguvu. Uliimba kama mtu anayeongea na sufuria. Watoto walisimama kwenye foleni na sinia zao, mvuke umefunika madirisha, na sauti yako ikiwajia kutoka ndani ya mvuke huo bila wao kukuona vizuri. Kuna mtoto wa darasa la pili alikwenda nyumbani akamwimbia mama yake wimbo wa mapenzi wa mwaka 1932, wote, hadi mstari wa mwisho. Mama akaja shuleni kesho yake, kofia kichwani, anataka kujua mwanawe anafundishwa nini.

"Anafundishwa kula mboga, mama," ulimjibu. "Hayo mengine ni mvuke tu."

Tunakumbuka sahani zako zilizofunikwa kwa karatasi ya bati, zilivyotembea mtaa mzima na kurudi zimeoshwa. Tunakumbuka yule dada aliyesahau maneno jukwaani kwenye klabu ya barabara ya Wylie, watu wakaanza kuguna, ukainuka na glasi ya maji ukampelekea, ukamnong'oneza mstari wake huku unajifanya unamfuta jasho. Hadi leo anadhani watu hawakujua. Tulijua. Tulinyamaza kwa sababu wewe ulitutazama.

Na kabla ya jiko kulikuwa na lifti. Hili vijana hawalijui. Ulikuwa na miaka ishirini na moja, glavu nyeupe, vifungo vya shaba, unaendesha lifti kwenye duka kubwa la mjini. Ghorofa ya nne waliuza karatasi za muziki, na alikuwepo bwana mmoja anayepiga piano kutwa, nyimbo mpya zinazotoka kwenye maonyesho ya New York, ili wateja wasikie kabla ya kununua. Mtu mweusi hakuruhusiwa kusimama pale kusikiliza. Lakini mlango wa lifti lazima ufunguliwe.

"Ghorofa ya nne," uliita, ukafungua, ukasikia kadiri wateja walivyochukua kutoka na kuingia. Kisha ukafunga. Mstari mmoja asubuhi, mstari mwingine baada ya chakula cha mchana. Bibi mzito mwenye mizigo mingi alikuwa baraka, maana alikupa kiitikio kizima. Wimbo mmoja ulikuchukua wiki, na mingine ilibaki na mashimo mpaka ulipokuja kupata karatasi zake miaka mingi baadaye.

Thaddeus Whitlow alisema ndiko ulikotoa ule mtindo wako. Whitlow, kwa wasiomjua, ni mpiga piano aliyekusindikiza kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mmoja, mtu mrefu, mkimya, anayevaa tai hata akienda kununua vitunguu. Siku ya kwanza mlipokutana alisimamisha bendi katikati ya wimbo.

"Bibi, umechelewa kuingia."

"Najua nilipo. Nyie tangulieni, nakuja."

"Bendi haimtangulii mwimbaji."

"Hii itamtangulia. Piga."

Akapiga. Ukaingia nyuma yake kidogo, pale ulipopenda wewe, na mahali fulani ukanyamaza zaidi ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia, halafu ukamalizia neno kama mtu aliyerudi chumbani kuchukua kitu. Whitlow alituambia alihisi ameteleza kwenye ngazi akakuta kumbe kuna ngazi nyingine. Tangu hapo hakutaka kumpigia mwimbaji mwingine, na kila Jumapili alikula mezani kwetu.

Basi tuseme habari ya santuri, maana ndiyo iliyotuhangaisha mwaka huu mzima, na wewe hukuwepo.

Ulikuwa na miaka sitini na moja ulipostaafu jiko, na katika miaka yote hiyo hakuna chombo kilichowahi kuinasa sauti yako. Ilitoka ikaenda. Nadine ndiye aliyesema haiwezekani. Akakutafutia Clement Odom, fundi redio wa Frankstown, aliyekuwa amegeuza chumba cha nyuma cha duka lake kuwa mahali pa kurekodia, kuta zimezibwa kwa magodoro. Mlipanga nyimbo kumi na mbili: nyimbo taratibu za mapenzi upande wa kwanza, na upande wa pili zile za majukwaani na za jazi ambazo kila mwanamuziki anazijua, kila mmoja kwa namna yake. Jumapili baada ya ibada, seremala wa jirani akiwa amefunga mashine zake, mliingia humo. Odom alizima friji. Alimtoa mbwa. Alimtoa na wifi yako Birdie kwa sababu ya bangili zake.

"Nimefukuzwa na fundi redio," Birdie alisema huko nje, akituhutubia sisi na mbwa. "Nimeimba kwaya miaka thelathini, leo nafukuzwa na mtu anayetengeneza pasi."

Jumapili tano mkapata nyimbo kumi na moja. Wa kumi na mbili ulisema usubiri. Ulikuwa ule wa mwanamke anayekunja nguo za mtu aliyesafiri, wimbo kutoka onyesho lililodumu wiki tatu New York likafungwa, watu wakasahau hata jina lake. Ulikuwa wimbo wa kwanza ulioupata mzima kutoka ghorofa ya nne. "Huo nitauimba nikiwa sina mafua," ulisema. Jumapili ya sita haikufika. Jumatatu ulianguka jikoni kwako, mkono mmoja bado umeshika mwiko.

Siku tisa hospitalini. Kinywa kilikataa kusema. Siku ya saba ulimtazama Nadine, ukainua vidole vyote kumi, kimoja kimoja maana mkono wa kushoto ulikuwa mzito, ukavishusha, ukainua viwili.

"Kumi na mbili," Nadine alisema. "Mama, ninaelewa. Zitakuwa kumi na mbili."

Birdie, aliyesimama miguuni pa kitanda, alisema, "Dazeni. Anatukumbusha mayai. Pasaka imekaribia."

Nadine hakumsamehe kwa neno hilo muda mrefu, na sababu yake tunaijua. Birdie angeweza kuwa sahihi. Ulikuwa mtu wa kukumbusha mayai. Lakini Nadine alikuwa ameshatoa ahadi kwa mdomo wake, mbele yako, na wewe ukafumba macho kama mtu aliyesikia. Kuanzia hapo hakuwa na shida nyingine duniani ila hiyo: santuri ya mama itoke, na iwe na nyimbo kumi na mbili.

Odom alimwambia baada ya mazishi, kwa upole, "Binti, kumi na moja zinatosha. Watu hawahesabu."

"Mimi nahesabu."

"Basi tafuta mwimbaji."

Waliitwa wawili. Waliimba vizuri. Nadine aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, akawashukuru, akawapa pai ya viazi vitamu waende nayo. Mmoja wao aliimba vizuri sana, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

Mwezi wa Juni akaamua kuuimba mwenyewe. Hukuwahi kumsikia akiimba mbele za watu, Arvella, wala sisi. Ana sauti. Ni nyembamba, safi, inakaa juu kama nguo kwenye kamba. Alijifungia chumbani wiki tatu akifanya mazoezi, Roscoe mumeo akijifanya haoni. Jumapili moja akaenda kwa Odom, akasimama mbele ya maikrofoni palepale uliposimama, na Whitlow akaanza kupiga.

Alianza pale pako. Kimo chako, kule chini ambako wanawake wengi hawafiki. Nadine aliufuata wimbo mpaka mstari wa tatu, sauti ikamwishia.

"Samahani. Panda kidogo, Mzee Whitlow."

Whitlow akaanza tena. Palepale.

"Ni juu zaidi ninahitaji. Ngazi tatu, nne."

"Huu wimbo unakaa hapa," Whitlow alisema.

"Unakaa hapo kwa mama. Mimi siye mama."

"Najua."

"Basi panda."

Mzee akatazama mikono yake. Akaiweka tena kwenye vitufe, akafumba macho, na sote tuliokuwa nyuma ya kioo tukaona inakwenda kulekule, kama farasi wa muuza maziwa anayejua nyumba zake. Mpiga piano yeyote wa klabu anaweza kuuhamisha wimbo kwa mwimbaji aliye mbele yake. Ni kazi ya kila siku, hata mlevi anaiweza. Whitlow amehamisha mamia ya nyimbo. Huo hakuuhamisha.

"Unafanya makusudi," Nadine alisema.

"Hapana, binti."

"Unataka nishindwe. Hutaki mtu yeyote asimame hapa."

Mzee akashusha mikono kutoka kwenye vitufe. Nadine alichukua mkoba akatoka, akapita katikati ya redio za watu, kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Basi Whitlow hakuja tena kula Jumapili. Roscoe aliendelea kumwekea sahani. Julai nzima, Agosti nzima, sahani inakaa pale na uma wake, hakuna anayeigusa, kisha inarudi kabatini. Birdie akasema, "Kaka, huyo amenuna, hajafa. Sahani ya nini?" Roscoe akasema asipoiweka sahani mezani mtu atadhani amefukuzwa.

Ulikuwa msimu wa ajabu ule, Arvella. Joto lilikaa juu ya mto, moshi wa vinu vya chuma haukupanda, ulitanda tu kama shuka la rangi ya chungwa, na kila mmoja wetu, hata aliye mbali, alikuwa anakusikia kwa wakati wake bila kumwambia mwenzake. Lucius alikuwa Tacoma, ng'ambo ya pili ya nchi, kwenye nyumba ya kupanga, akakusikia ndani ya mabomba ya maji ya moto, akafungasha, akarudi. Roscoe alisema asubuhi harufu ya wanga wa kupigia pasi inapita koridoni. Nadine alisinzia mchana mmoja kwenye kiti chako akakuona na glavu nyeupe, unafungua mlango, midomo yako inacheza, na yeye anakazana kusikia. Kisha ukafunga kwa adabu, kama unavyofungia wateja. Alizinduka na kwa muda hakujua yuko ghorofa ya ngapi.

Oktoba Whitlow alikuja. Hakuingia. Alisimama barazani, tai shingoni, kofia mkononi.

"Nipe Jumapili moja," alimwambia Nadine.

"Utapanda?"

"Hapana."

"Basi tumeshazungumza, mzee."

"Hutaimba wewe. Hataimba mtu. Njoo tu usikie, halafu ukitaka unifukuze, nitakuwa nimeshavaa koti."

Nadine alimwacha pale kidogo, akaenda ndani akasimama jikoni bila kufanya lolote. Akarudi. "Umekula?"

"Sijala vizuri tangu Juni."

Akala kwenye ile sahani yake.

Jumapili iliyofuata Odom alizima friji, akatoa mbwa. Whitlow hakutaka besi wala ngoma. Alikaa peke yake. Maikrofoni yako ilikuwa bado imesimama. Odom alitaka kuisogeza, mzee akasema iache ilipo. Akaanza.

Sikiliza alichofanya. Hakupiga wimbo. Mpiga piano akiwa peke yake huchukua ile njia ya mwimbaji kwa mkono wa kulia, ili msikilizaji apate cha kushika. Yeye hakuigusa. Alipiga vile tu alivyokuwa akipiga chini yako kwa miaka thelathini na mmoja: anatandika, anaacha, anajibu. Nafasi yako aliiacha wazi yote, mstari kwa mstari. Na mahali fulani akasimama kabisa, mikono hewani.

Odom akabonyeza kitufe. "Mzee, umepotea?"

"Sijapotea."

"Kuna pengo hapa."

"Anavuta pumzi. Rudisha utepe."

Wakaanza upya. Kwenye mstari wa pili Odom akabonyeza tena. "Samahani, lakini sasa unachelewa. Mkono wako na mguu wako haviko pamoja."

"Sichelewi, Clement. Ninamsubiri. Ukinikatiza tena nitakuja kuitengeneza hiyo redio yako kwa nyundo."

Mara ya tatu Odom aliweka mikono chini ya mapaja yake akaikalia.

Nadine alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfukuza mzee, na hakumsifu. Njiani akamwambia Lucius, "Mjomba, ni kama kitanda kilichotandikwa. Kizuri. Lakini mtu atakayenunua ile santuri hakumjua mama. Atasikia piano inayokosea. Watacheka. Nitakuwa nimemfanya achekwe."

"Na zile kumi na moja?"

"Kumi na moja sikuahidi."

Kiwanda cha kuchapa santuri kiko Cincinnati, na Odom alikuwa anasafiri na utepe Jumatatu. Kwa hiyo ilibaki Jumapili moja ya kuamua: wimbo wa mwisho uwemo au ukatwe. Nadine alishaamua ukatwe. Alituambia mezani. Alisema atasikiliza mara moja zaidi, kwa heshima, na Odom akaleta mashine yake na spika yake kubwa akaiweka sebuleni kando ya dirisha.

Tulikuwa wachache. Roscoe, Nadine, Birdie na bangili zake, Lucius, Odom. Whitlow hakutaka kuwepo. Alikuwa barazani, mgongo ameupa dirisha. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la Oktoba limeingia mpaka katikati ya zulia, na vumbi likielea ndani yake bila haraka.

Roscoe, wasomaji wajue, alisimama mbele ya tanuru la chuma miaka thelathini na mitatu, na masikio yake yaliishia humo. Sauti ya juu haimfikii kabisa. Ukimwambia jambo lazima akutazame mdomo. Alisogeza kiti mpaka kwenye spika akaweka kiganja chake juu ya mbao, kile kiganja chenye kovu, akainamisha kichwa. Nyimbo kumi na moja zikapita hivyo. Ulitujazia chumba. Hatutasema zaidi juu ya hizo, wenye santuri watasikia wenyewe. Ila kwenye ule wa haraka Birdie alicheza kwa mabega bila kuinuka, na mwishoni alifuta macho akisema ni vumbi.

Kisha wa kumi na mbili. Piano ikatandika. Ikaacha.

Tukakaa. Ikajibu. Ikaacha tena.

"Sasa hii," Birdie alianza, "mbona hai—"

Roscoe aliona midomo yake ikicheza, akainua mkono mwingine.

"Nyamaza, Birdie. Unamkatiza."

Birdie akazishika bangili zake zisilie. Alimtazama Nadine, Nadine akamtazama baba yake. Hakuna aliyemwambia Roscoe kwamba wimbo ule hauna mwimbaji. Tulikuwa tumeongea mezani, vichwa vimeinamia sahani, na yeye husikia kwa macho. Alikuwa amekaa pale, kiganja juu ya mbao, na midomo yake ilikuwa inafuata maneno taratibu, moja baada ya jingine, nyuma kidogo ya piano. Pale Whitlow aliposimamisha mikono hewani, Roscoe naye alinyamaza. Alisubiri muda uleule. Halafu wakaingia pamoja.

Tulisikia mbao za baraza zikilia chini ya kiti cha Whitlow. Jua lilikuwa limefika kwenye viatu vya Nadine. Hatujui wengine walisikia nini, hatujaulizana. Lucius anasema tu kwamba kwenye mstari wa nguo zinazokunjwa alijua ni neno lipi linakuja, na akajua ungelisemaje, na likasemwa.

Ilipoisha, Roscoe alitoa kiganja akakisugua kwenye goti.

"Huu ameimba vizuri kuliko yote," alisema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Hakuharakisha. Siku hizo nyingine alikuwa anakuharakishia wewe, Odom, na hiyo saa yako ukutani."

Odom akasema, "Ndiyo, Mzee Gaines."

Nadine alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake ili amwone mdomo. Tulidhani atamweleza. Aliinua vidole kumi. Akavishusha, akainua viwili.

"Ndiyo," Roscoe akasema. "Nimehesabu. Zote zimo."

Jumatatu Odom alisafiri na utepe mzima.

Lilibaki jambo moja dogo, nalo tukueleze. Kwenye jalada kila wimbo una majina ya waliopo. Odom aliuliza wa mwisho aandike nini: piano, Thaddeus Whitlow, basi? Nadine alimpelekea Whitlow swali hilo nyumbani kwake. Mzee akavua miwani. Akasema aandike kama alivyoandika kwenye zile kumi na moja, asibadili kitu, kwanza sauti, halafu piano. Ndivyo ilivyochapwa. Upande wa pili, wa sita kutoka juu: Arvella Gaines, sauti.

Santuri zilifika Februari. Bwana mmoja wa East Liberty aliirudisha kwa Odom akilalamika ni mbovu, wimbo wa mwisho mwimbaji hatoki. Odom alimwekea kiti. "Kaa. Sikiliza tena, usiongee." Bwana yule alisikiliza, akaomba arudishiwe santuri yake, akaondoka nayo ameikumbatia chini ya koti kwa sababu ya mvua.

Mama wa yule mtoto wa darasa la pili amenunua mbili. Mtoto sasa ni askari Ujerumani.

Na Birdie amekiri. Wiki iliyopita, akimenya viazi, alisema bila kuulizwa, "Haikuwa mayai." Nadine akasema, "Ingeweza kuwa mayai, shangazi." Wakaendelea kumenya.

Jumapili hii baada ya ibada tutakutana ukumbi wa chini wa kanisa. Kutakuwa na samaki wa kukaanga, sukuma wiki na mkate wa mahindi, na santuri itapigwa pande zote mbili. Wote mnakaribishwa. Mnaombwa mvue bangili.

Unakumbukwa na mumeo Roscoe Gaines. Binti yako Nadine. Kaka yako Lucius Stokes, ambaye safari hii amebaki tangu Agosti na hajaulizia treni. Wifi yako Birdie. Rafiki yako Clement Odom. Wapishi wenzako wa jiko la shule. Na Thaddeus Whitlow, ambaye tumemweka kwenye orodha ya familia kwa sababu hakuna mahali pengine pa kumweka.

Siku zote, Arvella, tutakukumbuka.